Kijivu cha Ndege Iliyochelewa

Kila siku akishaamka kutoka usingizi wa mchana, Kapteni alitandika magazeti ya zamani juu ya meza ya kulia chakula, akapanga vikopo vyake vya rangi kuanzia iliyopauka hadi iliyokoza, akavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, akaanza kupaka. Vikopo vyote vilikuwa vya kijivu. Kulikuwa na kijivu cha majivu ya mkaa, kijivu cha panya, kijivu cha saruji mbichi, kijivu cha maji ya kuoshea vyombo, na kimoja alichokiita kijivu cha heshima, ambacho mkewe aliapa kwamba ni kile kile cha panya kilichoongezwa thina ya kuyeyushia rangi. Mke huyo alikuwa amekula kwa kupakata sahani miaka mingi, na alikwisha kuacha kulalamika.

Ndege zenyewe zilikuwa za plastiki, ndefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, na zilikuja vipande vipande ndani ya boksi. Watu wengine wenye uraibu huo hupaka mistari myekundu, bendera, na nembo mkiani. Kapteni alipaka kijivu kila kitu: mabawa, matairi, mapangaboi, hata midomo ya rubani. Alisema rangi nyingine ni kelele. Nyeupe huonyesha uchafu, nyeusi huonyesha vumbi, lakini kijivu hakimchongei mtu.

Ukapteni wenyewe aliupata kwa kutokanusha. Majirani walimwita hivyo siku moja, akanyamaza, jina likaganda. Maishani mwake hakuwahi kurusha hata tiara. Alikuwa msimamizi wa rangi katika karakana ya shirika la ndege, na kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake: bodi ya ndege huoshwa, mkaguzi hupita na tochi, na mkaguzi akisharidhika ndipo rangi hupakwa. Si kabla. Mtoto wa shule angeuelewa utaratibu huo kwa kuambiwa mara moja.

Sasa, wiki moja mwenyekiti wa shirika alitangaza kwamba atakuja kupiga picha mbele ya ndege, na ndege ilitakiwa ing'ae. Vijana wa rangi wakamwonyesha Kapteni ufa mwembamba karibu na dirisha la mwisho, nyuma kule mkiani. Mkaguzi alikuwa bado hajafika. Kapteni aliutazama ule ufa, akaitazama saa yake, akasema pakeni. Wakapaka, wakarudia. Mkaguzi alipokuja hakuona cha kukagua, akasifu ulaini wa kazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema neno juu ya kuupaka rangi, pengine kwa sababu hawakudhani kuna mtu atakayefika huko.

Ndege hiyo iliondoka asubuhi ya jua kali na haikufika. Shirika lilikuwa na sifa ya kutopoteza ndege hata moja, na halikuona sababu ya kuiharibu sifa hiyo. Ubao wa ukumbi wa abiria ukaandika kwamba ndege imechelewa, na ukaendelea kuandika hivyo miaka ikipita. Kapteni akastaafu kwa keki na makofi.

Miongoni mwa waliochelewa alikuwamo mpima ardhi mmoja, mume wa mdogo wake mke wa Kapteni. Yule mdogo mtu akahamia kwa dada yake, chumba cha nyuma. Kila Jumamosi alipiga pasi shati la mumewe, kwa kuwa Msemaji wa shirika alikuwa amewaambia jamaa wote wawe tayari wakati wowote. Hakuwa mke wala mjane. Hakuweza hata kulia, maana kumlilia mtu aliyechelewa ni uchuro, na mama mkwe wake alikuwa amemwonya hivyo mbele za watu. Alikuwa na haja moja tu duniani: mtu mwenye kujua amwambie kwamba mumewe amekufa, alie, amalize. Mtu huyo alikuwa akila naye chakula cha jioni kila siku, tena alikuwa mwepesi wa kuomba aongezewe mchuzi.

Alasiri moja Kapteni alimaliza kupaka kindege cha aina ile ile ya ndege iliyochelewa. Alitumia kijivu cha heshima, na madirisha akayafunika pia. Kabla chai haijaletwa, abiria wa ndani ya kindege, wadogo kwa kipimo chake, walikuwa wameshaikwangua rangi ya madirishani na walikuwa wakitazama nje. Wengine walikuwa wamefunga mikanda. Mama mmoja alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni ili acheue. Shemeji mtu aliingia na sinia, akaitazama safu ya madirisha taratibu, akafika la mwisho, akaliweka sinia chini. Dada yake akamwambia aangalie asije akalikanyaga.

"Ni yeye," akasema. "Amekonda."

Mpima ardhi alikuwa ameketi upande upande, uso umekunjamana, kiganja chake amekibana ukutani karibu na dirisha. Jasho lilimtiririka kidevuni. Mahali kiganja kilipokuwa, kwa nje, palikuwa na ufa katika rangi, mwembamba kama unywele. Kapteni aliufahamu ufa huo vizuri. Kila kindege alichopaka tangu astaafu kilipasuka mahali hapo hapo, naye kila mara aliwalaumu watengeneza plastiki.

"Shemeji, anashikilia nini pale?"

"Anaegemea tu. Safari ndefu."

"Mtu anayeegemea hatoki jasho."

Kapteni akasema pengine ni thina. Mkewe alimtazama kwa muda, yeye akaitazama brashi.

Shemeji mtu akavuta kiti, akaketi mbele yake. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo chumbani peke yake. "Wewe ulikuwa kule karakana. Mimi sitaki kumshtaki mtu. Niambie tu kwamba hawafiki. Neno moja, shemeji yangu, nikalie."

"Mimi nilikuwa mtu wa rangi tu," akasema Kapteni.

Mtu aliyeitikia ukapteni sokoni, msibani na kwenye harusi za watu, alasiri hiyo akawa mtu wa rangi tu. Akanywa chai yake yote, akaomba nyingine.

Habari zikalifikia shirika. Msemaji alikuja mwenyewe na viatu vyake vinavyolia, akainama mezani, akawahesabu abiria kwa ncha ya kalamu, akafurahi kama aliyepata mtoto wa kiume. Wote walikuwapo. Shirika lilikuwa limesema kweli muda wote. Shemeji mtu akamwomba, kwa adabu, kwamba shirika limtangaze mumewe kuwa marehemu.

"Dada yangu," akasema Msemaji, "marehemu gani anatoka jasho?"

Kindege kikachukuliwa, kikawekwa juu ya meza yenye kitambaa katika ukumbi wa abiria, chini ya ubao. Ikafanywa hafla. Jamaa za abiria walisukumana kidogo mbele ya madirisha, wakawaonyesha wapendwa wao watoto waliozaliwa baada ya safari, kisha wakarudi vitini kama walivyoagizwa. Mwenyekiti alisema uvumilivu ni mali. Kapteni akapewa kipaza sauti. Shemeji yake alikuwa kiti cha mbele, ameshika mkoba kwa mikono miwili, macho kwake. Mkewe, aliyeketi kando ya mdogo wake, alikuwa akiitazama sakafu. Kapteni alikohoa, akaeleza umuhimu wa kupiga msasa kabla ya koti la kwanza la rangi, akaeleza pia la pili, akapigiwa makofi.

Baada ya hotuba, mwenyekiti alinong'ona kwamba wale watu madirishani wanamtumbulia macho, na kwamba hawezi kula akiwa anatumbuliwa macho. Msemaji akamgeukia Kapteni. Kapteni alikuwa na kikopo mfukoni. Mtu wa aina hiyo huwa nacho. Akavaa miwani yake yote miwili, akaanza dirisha la kwanza. Abiria hawakufanya fujo. Kila mmoja aliiona brashi inakuja, akasogeza uso nyuma kidogo, akafunikwa. Yule mama alimgeuza mtoto ili rangi isimwingie machoni.

Alipofika dirisha la mwisho, mpima ardhi hakusogea. Alimtazama Kapteni, akasema neno moja. Sauti haikupita, lakini neno lenyewe lilikuwa fupi na midomo ilikuwa wazi, na aliyekaa kiti cha mbele alilisoma.

"Amesema ufa," akasema shemeji mtu, akasimama. "Kumbe anashikilia ufa. Miaka yote hii. Nani aliupaka rangi, na humo ndani mna watu?"

Ukumbi ulimsikia vizuri sana. Msemaji akasema, kwa upole, kwamba maswali hayamo katika ratiba. Mwenyekiti akaangalia meza ya vinywaji. Kapteni akachovya brashi.

Shemeji mtu akaenda mezani, akaweka kidole chake cha shahada juu ya ufa, kwa nje, akabana. Ndani, mpima ardhi alisubiri kidogo, kama anayepima. Kisha akaushusha mkono wake. Akaukunja, akaukunjua, akausugua begani, akaegemeza kichwa kitini, akafumba macho. Mkewe alimtazama akilala. Machozi yalimjia, naye akayazuia, kwa kuwa mama mkwe alikuwa safu ya pili.

Kapteni akalipaka dirisha hilo haraka, maana sasa hapakuwa na wa kumtazama. Kisha brashi ikafika penye kidole.

"Toa mkono, shemeji. Utaniharibia kazi."

"Nikiutoa itapasuka."

Kapteni aligeuka. Msemaji alikuwa akiitazama saa, mwenyekiti alikuwa ameshika glasi tupu, na watu wote walikuwa wakingoja amalize ili wale. Kwa hiyo akamalizia. Alipaka kuzunguka kidole, akaona ngozi inaharibu mfululizo wa rangi, akakipaka na kidole chenyewe, ukucha na pingili, hadi penye pete. Alikipaka vizuri, bila michirizi. Wageni wakapiga makofi, wakaenda kwenye chakula.

Shemeji mtu alibaki amesimama hapo, mkono mezani. Ukumbi ulipoanza kufagiliwa, mlinzi alikuja kumwambia kwamba ni marufuku kugusa maonyesho. Alitazama vizuri, akashindwa kuona kidole kinaishia wapi na ndege inaanzia wapi. Akamwomba radhi, akaenda kumtafutia kiti.