Marahaba ya Mwinyimadi

Tangu asubuhi Bi Mwanaamina hakutulia kitako. Alikaa, akainuka, akakunja kanga, akaikunjua, akachungulia mlango wa daktari, akarudi.

"Bibi, unahangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga," alisema Biasha, mjukuu wake wa miaka saba, uso umemvimba pale kitandani.

"Nyamaza, mke mwenzangu. Leo nataga figo."

Mafigo ya Biasha yote mawili yalikuwa yamechoka. Serikali ilikubali kumpeleka Bombay akapandikizwe jingine, mradi apatikane ndugu wa kulitoa. Baba yake, Mashaka, damu ilikataa. Mama yake, Zubeda, alikuwa na mimba ya miezi saba. Akabaki bibi, na sharti moja: mtoaji asipite miaka hamsini na mitano.

Hatimaye akaitwa.

"Mama, una miaka mingapi?" akauliza Daktari Silvanus.

"Hamsini na miwili." Jibu hilo alilifanyia mazoezi njia nzima, toka Msimbu mpaka Kibaha.

Daktari akaandika. Mara mlangoni akapita mzee mwenye mvi tupu, akipapasa ukuta kwa fimbo. Alikuwa Mwinyimadi, jirani yake wa Msimbu, amekuja kutazamwa macho. Akasimama, akakodoa macho, akainama.

"Shikamoo, dada Mwanaamina!"

Bi Mwanaamina akajifanya anatazama nzi darini. Mzee akaingoja marahaba yake, hakuipata, akajikokota zake.

Daktari akaweka kalamu chini. "Yule mzee ana miaka mingapi?"

"Yule? Kazeeshwa na mihogo michungu."

"Mama."

"Nilimbeba mgongoni, daktari. Mimi nachota maji, yeye ananikojolea."

"Basi umepita sitini."

"Andika uonavyo. Lakini figo hili linalima shamba langu, na zamu ya shamba la kijiji halijakosa hata moja. Lipime lenyewe, mwanangu. Miaka yangu iache."

Daktari akaikata hamsini na mbili, akaandika sitini na alama ya kuuliza. Akaitazama karatasi mpaka Bi Mwanaamina akatamani kumpokonya.

"Kesho uje hujala kitu. Nitapima. Ila siahidi..."

Bi Mwanaamina hakungoja amalize. Alikwenda mbio korido nzima, kanga ikimvuka, mpaka kwenye benchi la wagonjwa wa macho.

"Mwinyimadi! Marahaba, mdogo wangu. Marahaba mara mbili!"

"Loo," mzee akasema, "nilidhani leo nimemwamkia mke wa watu."