Mhakiki wa Ukurasa wa Sita

“Mwandishi huyu bado yuko jikoni, hajafika maabara.”

Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama posta ya Lushoto, mwaka 1995, mkononi bahasha kutoka jarida la sayansi nililolitumia makala yangu. Mhakiki hakutajwa jina, lakini nilimjua. Dakta Rubeni, mwalimu wangu wa kemia, aliwahi kuniambia maneno hayohayo mbele ya darasa zima.

Miaka ile ya soko huria, dawa za wadudu ziliuzwa hata kwenye maduka ya sukari, chupa hazina maandishi. Kisha kampuni moja ikaleta unga wa zambarau wa kuoshea mboga, ikatangaza kwamba unachoma sumu yote. Mama akaosha kabichi zake kwa unga huo, akatulisha. Mimi nikapima yale maji ya kuoshea, nikaandika makala. Unga uliioksidisha sumu, yaani uliitia oksijeni, ndiyo, ila haukuimaliza: uliigeuza kuwa sumu nyingine, kali kuliko ya kwanza.

Na mshauri wa kampuni hiyo alikuwa Dakta Rubeni.

Nilipanda basi dogo hadi kwake Mlalo.

“Shikamoo, mwalimu.”

Hakuitikia.

“Umeandika haya kwa ajili ya kampuni yako,” nikasema.

“Nimeandika kwa ajili ya ukurasa wa sita wa makala yako. Ulipima maji matupu, yasiyo na sumu, kwa vyombo vilevile?”

Nilifungua ukurasa wa sita; kipimo hicho hakikuwemo.

“Basi hujui kama sumu ilitoka kwenye kabichi au kwenye glasi zako chafu. Toka kwangu, Saumu.”

Nililia njia nzima. Kisha nikapima maji matupu, nikiomba awe amekosea. Hakukosea. Yalionyesha sumu, kidogo tu, lakini ilikuwepo. Niliosha glasi kwa asidi, nikaanza upya. Safari hii maji matupu hayakuonyesha kitu. Ya kabichi yakaonyesha sumu ileile kali, nikaituma makala tena.

Maoni yake ya pili yalifika baada ya miezi minne: “Lugha mbovu. Michoro ya kitoto. Matokeo ni sahihi. Ichapishwe.”

Ikachapishwa. Unga ukaondolewa madukani, na kampuni ikamwachisha Dakta Rubeni kazi ya ushauri. Mwaka uliofuata nilimkuta kwenye stendi ya Mombo, akisubiri basi la Moshi.

“Ungeweza kuizuia makala,” nilimwambia. “Kwa nini uliniruhusu?”

“Sikukuruhusu kitu,” alisema, bila kunitazama. “Ulipima.”

Akapanda basi, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili.