Saa Isiyo na Mwenyewe

Daktari hakumficha Vasanthi: ama afanye yoga kila siku anyooshe mgongo, ama mwakani waonane chumba cha upasuaji. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chake kilikuwa mvunguni kweli, na kuinama ndiko kulikomshinda.

Mtaa wao wa Kumbakonam, kusini mwa India, ulikuwa na mwalimu mmoja wa yoga, mzee Raghavan, na kwake wakati bora ulikuwa mmoja tu: alfajiri, tumbo likiwa tupu. Vasanthi alijaribu. Lakini alfajiri ndipo maji ya bomba yanapokuja, kizingiti kinangoja mapambo ya unga wa mchele, mume anangoja kahawa, na watoto wanataka idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, za kwenda nazo shule. Siku ya tatu alifika wenzake wanakunja mikeka.

"Vasanthi, hapa si sokoni uje unapotaka," mwalimu akamkemea. "Saa yenyewe ni alfajiri."

"Sawa, Mwalimu. Na hiyo kahawa yako ya alfajiri, unapikiwa na nani?"

Mzee akakohoa. Wanawake wakacheka, wengine wakakalia mikeka yao upya.

Jioni nayo ilikuwa yale yale: wageni, masomo ya watoto, na tamthilia ya mama mkwe kwa sauti ya kumwamsha maiti. Basi Ijumaa moja Vasanthi anakata maharage, akasikia nyumba imenyamaza. Ilikuwa saa ya Rahu, ile sayari ya mikosi. Kila siku ina kipande chake cha nuksi, leo asubuhi, kesho alasiri, na kalenda zote zinakionyesha. Humo mtu haanzi jambo: hasafiri, hapeleki posa, hata hodi hapigi. Na Alamelu, mama mkwe wake, alimheshimu Rahu kuliko alivyomheshimu marehemu mumewe. Aliwahi kumzuia mwanawe mlangoni mpaka treni ya Chennai ikamwacha, na hakujuta hata kidogo. Saa hiyo alikaa tu kwenye bembea ya sebuleni, macho kwenye saa ya ukutani, asimtume mtu chochote.

Vasanthi aliweka kisu chini. Saa hii haina mwenyewe, aliwaza. Basi ni yangu.

Tangu siku hiyo akawa anamfuata Rahu popote anapohamia. Akija mchana, Vasanthi aliwapakulia wengine, yeye akala baadaye. Alitandika mkeka chumba cha nyuma, akafunga mlango, akajikunja na kujikunjua bila kuitwa na mtu. Mgongo ukaanza kulegea, na moyo nao ukafuata.

Kisha siku moja mama mkwe akafungua mlango, akamkuta miguu juu, kichwa chini.

"Salale! Vasanthi! Na Rahu huyu? Unataka kutuletea balaa?"

Vasanthi alishusha miguu polepole. Akikatazwa saa hii, hana nyingine, na kisu cha daktari kinamngoja.

"Mama, Rahu anakataza kuanza jambo. Mimi naendelea tu."

"Ulianza lini, wewe?"

"Kwa Mwalimu Raghavan. Alfajiri, saa safi kabisa. Kamuulize."

Alamelu akageuka kuchungulia kalenda ya sebuleni. Kalenda haikuwa na jibu la hilo.

"Na huo mgongo?" aliuliza mwishowe.

Vasanthi akainama, akaingiza mkono mvunguni mwa kitanda, akavuta lile sufuria la shaba ambalo tangu sikukuu ya mavuno mama mkwe alikuwa akilalamika kwamba hakuna wa kulitoa huko. Akampa. Alamelu alilipokea, akamtazama mkwewe toka kichwani hadi miguuni, akatoka. Mlango aliufunga mwenyewe, taratibu.

Jumanne iliyofuata Vasanthi alikuwa bado amelala chali mkekani, saa ya ukutani ilipogonga kutangaza kwamba Rahu amekwisha kuondoka. Hazikupita dakika mbili, jirani yao Pankajam akapiga hodi.

"Mama Alamelu, namtaka Vasanthi tukaanike papadi zetu za dengu. Rahu si ameshaondoka?"

Vasanthi akaanza kujiinua. Sebuleni bembea ililia, ikaendelea kwenda na kurudi.

"Kwenu ameondoka," alijibu Alamelu. "Hapa kwetu bado yupo. Njoo baadaye."