Vinsanto ya Duilio

Argene alikuwa jikoni akichambua maharage aliposikia nyayo juu ya kichwa chake, nyingi, za viatu vizito. Akaacha kuchambua. Huko darini hakukuwa na mtu wa kupanda. Palikuwa na zabibu za mwaka huu zilizotundikwa kwenye maboriti zikauke, panya mmoja aliyemshinda akili, na kipipa cha Lodovica, binti yake.

Hicho kipipa ndicho kilichomnyanyua kitini. Pale Montorfeo mtoto akizaliwa, baba hukamua zabibu kavu za mwaka ule, akamimina maji yake matamu juu ya chachu nzito iliyobaki kwenye pipa la kabla yake, akaziba kwa nta na kuacha alama ya dole gumba lake hapo. Basi. Joto la darini huipika vinsanto hiyo, divai tamu ya kwao, baridi huitesa, mbao nazo hunywa sehemu yake, na hakuna mkono unaogusa mpaka mtoto huyo aolewe au aoe. Siku hiyo nyumba nzima hukusanyika, na aliyeziba ndiye anayeonja kwanza. Akiwa amekufa, glasi yake hujazwa na kuwekwa pembeni, na hakuna anayeigusa. Duilio, mume wa Argene, alikuwa amekufa. Lodovica alikuwa anaolewa Jumamosi. Kwa muda mrefu Argene alikuwa akiingoja glasi ile ya pembeni zaidi kuliko hata alivyoingoja harusi yenyewe.

Magoti yake hayakuwa ya jana, lakini siku hiyo alipanda ngazi kama aliyefukuzwa na nyuki.

Dari ilijaa watalii waliovaa makoti ya mvua, kila mmoja na glasi yake. Katikati alisimama Ruggero, mwanawe wa kwanza, skafu shingoni, mguu mmoja juu ya kipipa. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni mjini kwa midomo yao: jibini na asali kwenye lango la kale, mkate usio na chumvi wenye mafuta mabichi ya zeituni kwa Zelmira mwoka mikate, soseji ya nguruwe mwitu nyuma ya kanisa. Kwa kawaida matembezi yaliishia hapo. Leo yalikuwa yameishia nyumbani kwa mama yake. Nta ilikuwa imebanduliwa, vipande vimetapakaa sakafuni, na kimoja kiko chini ya kiatu chake.

"Hii ndiyo siri ya ukoo wetu, mabibi na mabwana," alikuwa akisema. "Watawa walimfundisha babu wa babu yangu!"

Watawa gani? Watawa wa mji ule hawakuwahi kumfundisha mtu kitu zaidi ya kunywa cha bure. Argene alifungua mdomo amwambie hivyo, na hapo hapo bibi mmoja mwenye nywele fupi nyeupe akapiga funda, akalizungusha mashavuni, akainama na kulitema kwenye beseni. Tena beseni lenyewe lilikuwa lile ambalo Argene alikuwa ameliweka tayari kwa kukandia biskuti za lozi za harusi.

"Meza!" Argene alisema.

Yule bibi akamtazama Ruggero.

"Mama, tafadhali, shuka. Hawa ni wageni."

"Mwambie ameze. Baba yako hakuiziba hii watu wasukutulie."

"Wataalamu ndivyo wanavyoonja, mama. Wanatema."

"Hata watoto wachanga wanatema, na sijasikia wakiitwa wataalamu."

Wageni wawili watatu wakacheka bila kuelewa, maana lugha hawakuijua ila uso wa Argene ulijieleza. Ruggero akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Umefungua pipa la dada yako, wewe mtoto! La kwako si ulilinywa? Ulilimaliza lote, na mke mwenyewe leo yuko wapi?"

"Mama, unanivua nguo mbele za watu."

"Bado sijaanza. Kwa nini umefanya hivi?"

"Kila mwongoza watalii hapa ana jibini na asali, mama. Hilo hilo jibini, hiyo hiyo asali. Nilitaka wageni wangu waonje kitu wasichoweza kukipata kwingine."

"Hawakipati kwingine kwa sababu si chao!"

Ruggero akawateremsha wageni wake barabarani, mmoja mmoja, huku akiomba radhi kwa lugha tatu. Argene akabaki amekalia kreti la zabibu, mkono juu ya tundu la pipa. Alikuwa na hasira, lakini juu ya hasira kulikuwa na huruma. Atamwambiaje binti yake? Aliposikia hatua nyepesi za Lodovica kwenye ngazi, alijipangusa macho haraka na kumnyooshea mkono.

"Njoo ukae, mwanangu. Jikaze. Kaka yako ametufanyia unyama."

Lodovica hakukaa. "Najua, mama. Ufunguo wa darini nilimpa mimi."

Argene akaurudisha mkono wake juu ya tundu la pipa.

"Kina Federigo wanaleta divai yao ya mapovu kutoka mji mkubwa," Lodovica alisema, akimtaja mchumba wake, sauti ikiharakisha. "Hivi vitu vitamu siku hizi hakuna anayevinywa. Ingekaa mezani tu inatazamwa, na mimi nione aibu. Nikaona heri Ruggero aitumie."

"Baba yako aliweka dole lake hapa."

"Baba hayupo, mama."

"Si ndiyo maana!"

Kosa la Ruggero angeweza kulimeza. Ruggero alizaliwa na kichwa chepesi na akakua nacho. Hili la Lodovica lilimkata maini. Kwa hiyo watoto wote wawili walikaa, wakashauriana, wakaona machozi na jasho la baba yao ni kitu cha kusukutulia wapita njia, na yeye yuko chini anawachambulia maharage!

Akasimama, akakumbatia kipipa. Kilikuwa kidogo na mbao zilishakunywa sehemu kubwa. Lodovica akaruka kumsaidia.

"Usiguse. Imefunguliwa, basi itanywewa, na wanaojua kumeza."

Alikiteremsha kidaraja kwa kidaraja, akavuka njia, akakitua kwenye benchi nje ya duka la Zelmira.

"Shoga, kulikoni?" Zelmira alitoka na unga mpaka viwikoni. "Lodovica kaolewa leo bila sisi?"

"Hajaolewa. Lete glasi. Waite na wengine."

Wakaja kinyozi, na mwenye baa, na mjane wa nyumba ya juu ambaye hakuwa amesalimiana na Argene tangu kiangazi, na padri akiwa bado anatafuna. Argene akajaza glasi ya kwanza, akaiweka mwisho wa benchi. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Kisha akawamiminia wote, na kila mmoja akameza. Zelmira akafumba macho.

"Huyu ni Duilio kabisa," akasema.

"Ndiye," Argene akajibu, na hapo ndipo alipolia.

Kwenye kona, wageni walikuwa wamenyanyua simu wakipiga picha, na Ruggero, asiye na haya, akiwaambia, "Na hii, mabibi na mabwana, ni desturi yetu ya kale."

Lodovica alivuka njia kipipa kikiwa kimekauka, glasi mkononi. Akamkuta mama yake anachota chachu ya chini kwa kijiko cha mbao, nyeusi, nzito, na kuitia kwenye mtungi wa kioo. Mke wa mwana wa Zelmira alikuwa mjamzito, na mtoto huyo angehitaji chachu ya pipa lake.

"Mama, hiyo unampa yeye? Hiyo ni ya kwetu! Ilitoka kwa bibi yake baba."

"Ilikuwa ya kwetu."

"Na mimi nikizaa?"

Argene akafunika mtungi, akaukaza, akamkabidhi Zelmira kwa mikono miwili.

"Ukizaa utakuja hapa, upige hodi," akasema, "uombe kama mgeni."