Matroni na Kiranja wa Nyumba

Matroni alistaafu kazi lakini jina halikustaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, akipita na tochi kati ya vitanda kuhesabu vichwa na kufunua mito iliyovishwa blanketi ili ionekane ni watu. Mtaani hakuna aliyemwita vinginevyo, na wanawe wenyewe walimwita hivyo walipotaka kumchokoza. Kwa hiyo mwanawe wa kwanza, mhandisi wa mabomba ya maji, alipoingia na maboksi na kutangaza kwamba ataigeuza nyumba ya mama yake kuwa nyumba janja, Matroni alielewa mara moja. Alikuwa anawekwa bwenini.

Hakukataa. Magoti yalikuwa yameanza kumnung'unikia, na mtoto akikuletea zawadi huipekui kama mzigo wa forodhani.

Mhandisi alifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni, akipanda na kushuka ngazi huku akimwaga maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Juu ya kila mlango alibandika vidude vyeupe, vidogo kama vifungo vya koti. Akaweka taa zinazowaka mtu akiingia na kuzima akitoka, kitasa kinachomtambua mwenye nyumba kwa kidole, friji inayojua kama imefungwa na bomba linalojua kama limefunguliwa. Kabatini sebuleni akaweka spika ya duara, yenye sauti ya msichana aliyelelewa vizuri kupita kiasi. Habari zote za nyumba zingekwenda kwenye simu za watoto watatu, na Mhandisi alikuwa ameshagawa zamu. Yeye angepokea habari za mitambo na maji. Dada yake, daktari wa meno, angepokea za afya: usingizi, bafu, kutembea. Mdogo wao wa mwisho, mpishi wa hoteli, ambaye pamoja na ndevu zake zote bado anaitwa Kitinda, alipewa televisheni, kwa sababu hakuna aliyemwamini na kitu kingine. Kila mmoja aliishi mji wake, na hakuna mji uliokuwa karibu.

"Kila kitu kikiwa sawa tutaona tiki ya kijani," Mhandisi alimwambia mama yake kwa fahari. "Hatutakuwa na wasiwasi tena."

Matroni aliitazama spika. Katika kila bweni huwa kuna msichana mmoja mwenye sauti tamu na sketi iliyonyooshwa, ambaye kazi yake ni kupeleka ofisini habari za wenzake. Akaipa jina palepale: Kiranja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kiranja alikuwa na faida. Matroni hakupapasa tena ukuta kutafuta swichi akiwa na sufuria ya moto mkononi. Aliamka akakuta maji ya kuoga yameshapashwa. Mlango ulijifunga wenyewe, na huko nyuma alikuwa akirudi kutoka katikati ya safari kwenda kuhakikisha kama ameufunga. Wakazoeana, hata wakaanza kugombana. Siku moja Matroni alimwamuru apunguze adabu, kwa kuwa inachosha, na Kiranja akajibu kwa adabu ileile kwamba hajaelewa ombi hilo.

Kasoro ilikuja polepole, na ndiyo maana hakuiona mapema. Simu ziliacha kuita. Zamani Mhandisi alipiga kila alipokuwa njiani kwenda kazini. Daktari alipiga Jumapili, akihoji kama polisi. Kitinda alipiga saa yoyote, hasa alipounguza kitu cha watu. Sasa kimya. Matroni alipoamua kupiga yeye, Mhandisi alikuwa kikaoni, akamnong'oneza kwa mapenzi kabisa kwamba ameshaona yuko salama na atampigia. Hakupiga. Daktari alikuwa na mgonjwa kitini, kinywa wazi. Kitinda alimtumia picha ya kidole gumba. Hawakuwa watoto wabaya hata kidogo. Walikuwa wameshiba habari zake, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Matroni akakonda moyo. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna haja ya kupamba. Jioni alikaa na simu mapajani, taa za nyumba zikimfuata huko na huko kama watumishi, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza amekula nini. Kiranja alijua amekula nini, lakini hakuuliza.

Kisha siku moja aliacha friji wazi. Hakukusudia, alikuwa ametoka kuanika shuka. Hata shuka la pili halijafika kambani, simu ikaita. Ni Mhandisi, roho juu, akimwarifu kwamba friji iko wazi. Matroni akasema ataifunga. Na kwa kuwa simu ilikuwa tayari mkononi, wakazungumza: mgongo unaendeleaje, mjukuu ameng'oka jino gani, bosi mpya anavyotafuna maneno. Mhandisi alicheka kile kicheko chake cha utotoni, cha kukwama puani. Walipoagana, Matroni alirudi jikoni, akaifunga friji, akabaki amesimama na mkono juu ya mlango wake. Kumbe!

Kuanzia hapo nyumba ikawa kinanda, naye ndiye mpigaji. Friji ikiachwa wazi, au bomba likifunguliwa ndoo ikafurika, alipiga Mhandisi. Kwa Daktari ilitosha kujifungia bafuni. Alipeleka humo kigoda na sweta lake analofuma, akafuma mikono yote miwili akisubiri simu ya binti yake mwenye hofu ya utelezi. Kitinda alipatikana kwa kuipandisha televisheni mpaka vikombe vitikisike, naye hakuja na hofu, alikuja na utani, akiuliza kama Matroni amefungua ukumbi wa dansi. Aliwapanga kwa zamu asimchoshe yeyote. Aliacha siku za mapumziko. Alikuwa mwangalifu kama mkulima anayezungusha mazao.

Bwenini kulikuwa na wasichana waliosugua kipimajoto kwenye blanketi ili kionyeshe homa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumdanganya Matroni. Alijua kuwa msichana wa namna hiyo haumwi, anamtaka mama yake. Sasa, akiwa na mvi kichwa kizima, naye alikuwa anasugua kipimajoto. Aliona aibu. Lakini simu ilipoita, aibu ilitoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Za mwizi arobaini, na zake zilitimia wiki ya mvua. Mvua ilinyesha mfululizo, majirani wote wakajifungia, na Matroni akashikwa na upweke wa kuweza kuushika kwa mkono. Akakosa subira. Mchana mmoja alifungua friji, akafungulia bomba, akapandisha televisheni, kisha akajifungia bafuni na simu yake. Akangoja simu tatu, na haikuja hata moja. Watoto walikuwa wanapigiana wenyewe kwa wenyewe.

Kesho yake akatokea fundi aliyetumwa na Mhandisi. Alipima kila kidude, akasifu kazi, akanywa chai. Matroni akamdokezea kwamba labda unyevu umeingia kwenye nyaya. Fundi akamjibu kwa upole kuwa vidude havina nyaya, na kwamba mtambo ni mzima kabisa. Hayo ndiyo aliyomripotia Mhandisi, na Mhandisi akapiga hesabu kama walivyofundishwa wahandisi: mtambo ukiwa mzima, mbovu ni mtumiaji.

Jumamosi walifika wote watatu. Matroni alipowaona mlangoni, mabegi mikononi, alisahau kila alichokuwa akikiogopa. Alipika kama anayelisha bweni zima. Walikula, wakachekana, Kitinda akaikosoa chumvi kisha akaongeza sahani. Matroni aliwatazama wakigombania kiti cha karibu na dirisha, watu wazima wenye vitambi, akajiona tajiri kuliko mtu yeyote mtaani.

Ndipo Daktari akafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa, akauliza bila kumtazama, "Mama, leo ni siku gani?"

Furaha ikamshuka Matroni hadi kwenye nyayo. Aliwatazama mmoja mmoja, na kila mmoja akakwepa. Akajibu ni Jumamosi, na Daktari akaendelea: je, anakumbuka asubuhi alikula nini, je, anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Matroni alimwambia anakumbuka uji, na anakumbuka pia nani alikula sabuni ya kuogea akidhani ni jibini na leo anajiita daktari wa kinywa. Kitinda akacheka, akakanyagwa mguu chini ya meza. Mhandisi akakohoa. Akaeleza taratibu, kwa lile neno "tumeonelea" linalotumiwa na watu waliokwisha kuamua. Wameonelea Mama asikae peke yake. Kwake kuna chumba nyuma, karibu na gereji, kina dirisha. Nyumba hii inaweza kupangishwa, mpangaji ameshaonekana. Kiranja angehama naye, kwa kuwa vidude vinabandukika.

Matroni alikuwa na njia mbili. Angeweza kukaa kimya akaonekana amechakaa akili, akaipoteza nyumba yake. Au angeweza kusema kweli, akaonekana ombaomba wa sauti za wanawe mwenyewe. Hakuwahi kumwomba mtu chochote maishani mwake, na alitamani ardhi ipasuke.

"Wekeni simu zenu mezani," alisema. "Zote."

Ilikuwa sauti ya tochi na korido. Wakaziweka. Akaenda jikoni akafungua friji, akarudi akaketi, akakunja mikono. Punde simu ya Mhandisi ikalia. "Hiyo ya kwako," akamwambia. Akaiwasha televisheni hadi madirisha yakalalamika, na simu ya Kitinda ikaruka mezani kama panzi. "Hiyo ya kwako." Akaizima televisheni. Akaingia bafuni, wakasikia komeo, wakakaa wakitazamana, mpaka simu ya Daktari nayo ikapiga kelele. Matroni akatoka na kigoda na sweta.

"Mtu aliyepotewa na akili hawezi kuwapangia ratiba watu watatu," alisema. "Haya, niulizeni tena leo ni siku gani."

Kitinda ndiye aliyepata sauti, na safari hii haikuwa na utani. "Mama, si ungetupigia tu?"

"Nilipiga," Matroni alisema. "Mkaniambia mmeshaona niko salama." Sauti ikamtetemeka, akaiacha itetemeke. "Niliwakumbuka. Sikuwa na njia nyingine ya kuwapata ila kuharibika."

Daktari akaanza kulia, na kwa kuwa alikuwa hodari wa kulia, ilichukua muda. Mhandisi alikuna kichwa. Akasema anaweza kuongeza kitu kwenye programu, kikawa kinawakumbusha kila siku kumpigia. Matroni akamwambia kwamba kukumbushwa na kabati kumpenda mama yako ni jambo ambalo hata kabati lingeona haya. Nyumba hataipangisha, akasema, na Kiranja hamfukuzi. Abaki na taa, abaki na maji ya moto na mlango. Lakini ile tiki, Mhandisi aiue.

Daktari alipinga katikati ya kwikwi. Je, akianguka?

"Nikianguka apige yowe. Nikiwa nimesimama, anyamaze. Mkitaka kujua habari zangu, habari zangu ninazo mimi."

Mhandisi alikaa na simu yake hadi chai ilipopoa, akizima hiki na kubakiza kile, mama yake amemsimamia begani. Jumapili wakaondoka. Nyumba ikarudi kuwa kubwa.

Jumatatu asubuhi Matroni alifagia uwanja uliokuwa umeshafagiliwa. Simu ilikuwa mfukoni, kisha dirishani, kisha mfukoni tena. Alijiambia kwamba watu wana kazi. Alijiambia pia kwamba amefanya ujinga, kwamba zamani walau waliijua hali yake na sasa hawajui hata hiyo. Jua lilikuwa limeshapanda simu ilipoita. Aliiacha iite kidogo, asije akadhaniwa alikuwa ameikalia.

Alikuwa Mhandisi, pembeni ya barabara, magari yakipita nyuma yake. Hakusema kuhusu friji wala bomba. Alisema ameangalia simu yake alipoamka, kwa mazoea, akakuta pale palipokuwa na tiki pako patupu. Akaangalia tena alipofika kazini. Kikaoni hakusikia neno.

"Nimeogopa, Mama," alisema. "Sijui umeamkaje. Sijui chochote. Nimeshindwa hata kufanya kazi."

Matroni aliketi kwenye ngazi ya mlango.

"Mwanangu," alisema, "mimi nimeamka hivyo kila siku tangu mlipoondoka nyumbani. Nyie hakuna aliyewahi kunipa tiki."

Magari yalipita, mengi. Mhandisi hakukata simu. Basi mama yake akamuuliza ameamkaje, amelala vizuri, asubuhi amekula nini, naye akaegemea gari lake akaanza kumjibu, swali moja baada ya jingine.