Mpaka Gari Likate Kona

Juzi mtoto wa jirani alimnyang'anya binti yako mwanasesere, na binti yako hakulia. Alimtazama tu yule mwenzake, kisha akaenda ndani akamletea na nguo za mwanasesere zilizobaki. Wewe ukapiga makofi. "Mama, umemwona mtoto asiye na makuu?" Nilicheka kwa meno, lakini moyoni nilihisi baridi, maana mtoto wa namna hiyo nimewahi kumlea, na makofi hayo hayo nilimpigia. Ndiyo sababu nakuandikia, kitinda mimba wangu. Nikikuambia kwa mdomo utanikatiza. Soma.

Kaka yako mkubwa tulimwita Balozi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wewe hujazaliwa. Mimi na baba yenu tulikuwa watu wa kununiana, na tukinuniana yeye ndiye aliyebeba maneno. Baba yenu chumbani, mimi jikoni, mtoto kwenye korido katikati.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi."

Anakuja kwangu na vimiguu vyake. "Baba anasema mchuzi leo una nguvu."

"Mwambie baba yako apike mwenyewe."

Anarudi. "Mama anasema siku moja angependa kuonja mapishi yako."

Sisi huku na huku tunasikia kila kitu, kuta zenyewe nyembamba, tunaishia kucheka na kupatana. Tukamsifu kwa kila aliyepita mlangoni. Ila hakuna aliyemuuliza yeye ile chumvi aliionaje. Alikula akamaliza.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alimaliza masomo akaingia wizara ya mambo ya nje, kazi ya kupandisha mafaili ghorofa hadi ghorofa. Wakubwa wakaona kijana hagombani na mtu, wakampeleka nchi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipanda kama maji yanavyopanda kisimani, bila sauti, mpaka akawa balozi wa kweli. Siku aliyopeleka hati zake za utambulisho kwa rais wa ugenini alinitumia picha: suti nyeusi, bahasha kaishika kwa mikono miwili kama amebeba kitoto kichanga. Baadaye wakamrudisha wakampa ukatibu mkuu wa wizara. Nchi mbili zilizogombea mto mwaka baada ya mwaka zilikaa meza moja kwa ajili yake. Mimi nikawa napishwa kwenye foleni ya hospitali. Sikatai, nilifurahia.

Alipokuwa bado ugenini nilikwenda kumtembelea ubalozini, mara moja tu. Nyumba ile, mwanangu, zulia lake lilimeza nyayo. Unatembea hujisikii. Mapazia yalivuta pumzi na kuishusha, taa zilikuwa za rangi ya asali, na mimi nilikuwa kama natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine, nikiogopa kumwamsha. Miwani ikanianguka. Nilipoinama nikaona chini ya kiti kibandiko chenye namba. Chini ya meza, namba. Nyuma ya kioo, namba.

"Vyote vya serikali, mama," wifi yako akaniambia. "Mpaka vijiko. Mimi tu ndiyo sina namba." Akafikiri kidogo. "Labda mgongoni, sijajitazama vizuri."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Usiku ule walikula wageni wakubwa, kila mtu na kiti chake kilichoandikwa jina. Mwishoni mzee mmoja alivaa koti, akawa anasitasita mlangoni, kofia mkononi. Nikamwambia Balozi, mwambie mwenzio bado mapema, akae. Akanigusa kiwiko taratibu. Wageni walipokwisha kuondoka ndipo akanieleza.

"Mama, mgeni akiinuka hasihiwi abaki. Unamsindikiza hadi garini, unamfungulia mlango, unasimama mpaka gari likate kona. Ukigeuka kabla ya hapo umemtukana."

"Na kama hutaki aende?"

"Unasimama hivyo hivyo."

Nililiona hilo kuwa adabu nzuri. Nikalala.

Alipostaafu alikuja na mkewe hapa kwangu, baba yenu amekwisha tangulia, watoto wao wako ng'ambo na maisha yao. Wewe ulikuwa unakuja Jumapili, unamkuta kavaa shati safi, unasema kaka katulia. Hukumwona siku nyingine. Alikuwa anapita vyumbani na soksi tu, hana sauti, kama ndoto iliyosahau kuondoka asubuhi. Nikimtengea chakula anasimama kando ya meza mpaka nimwonyeshe pa kukaa. Mara mbili nilimkuta amekiinamisha kiti changu, anatazama chini yake.

Wiki moja wifi yako alinikuta jikoni nikipepeta mchele.

"Mama, miaka thelathini na mmoja nimekaa kwenye kiti nilichopangiwa. Sasa nimemuuliza neno moja tu. Unataka nikae hapa na wewe, au niende kwa watoto nikaishi huko? Unajua kajibu nini?"

"Nini?"

"Kasema pande zote mbili zina uzito."

"Ndivyo alivyo, mwanangu."

"Najua alivyo. Sitaki alivyo, nataka anachotaka." Akachukua chuya moja kwenye ungo, akaitupa. "Tikiti ni ya Jumamosi. Akisema baki, nafungua sanduku. Hata akilisema vibaya. Hata akinifokea. Na wewe mama, nakuomba, usimfundishe. Ukimtia neno mdomoni halitakuwa lake."

Sasa niambie, mama gani angenyamaza? Nilikwenda nikamzunguka kwa mbali.

"Baba, unataka mwenzako aende?"

"Ana haki ya kuwa karibu na watoto."

"Sijauliza haki. Nimekuuliza wewe."

Akanitazama kwa upole ule ulionifurahisha maisha yangu yote. "Nimekusikia, mama."

"Nimekusikia" ya Balozi ni mlango unaofungwa kwa kitambaa cha hariri. Hauumizi kidole, lakini umefungwa.

Kuamkia Jumamosi niliota yuko kwenye ile korido ya zamani, mdogo, suti nyeusi inaburuta sakafuni, anabeba bahasha toka chumbani hadi jikoni. Vyumba vyote viwili havina mtu. Anabisha hodi, anangoja, anakwenda kwingine. Nilitaka kumwita nikakosa sauti.

Teksi ilikuja na ukungu. Wifi yako alitoka na koti mkononi. Balozi akaliinua sanduku, na moyo ukaniruka, nikasema sasa analirudisha ndani. Akaliweka kwenye buti. Akazunguka, akamfungulia mlango. Mkewe akatia mguu mmoja garini, wa pili akauacha chini. Akasitasita pale, kitambo, kama yule mzee wa kofia. Mimi kizingitini nauma kidole.

"Safari njema," Balozi akasema, na akainama kidogo. "Wasalimie watoto."

Mguu ukaingia. Mlango ukafungwa bila kishindo. Akasimama wima, mikono kando, mpaka gari likakata kona. Hajawahi kumsindikiza mgeni vizuri kama siku ile.

Alirudi ndani, nikamwonyesha kiti. Saa nzima baadaye nikamsogezea chai.

"Sitaki."

Nikashtuka. Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake tangu nimzae.

"Hutaki chai?"

"Sitaki aende."

Ana miaka sitini na mmoja, ila sauti ilikuwa ya yule wa kwenye korido.

"Sasa unaniambia mimi? Mwambie mwenyewe."

Akashika simu kwa mikono miwili. Nikamsikia anaanza, "Natumaini njia haikuwa na msongamano." Nikamfinya paja, kama nilivyokuwa nikiwafinya mkisinzia mkiwa na wageni. Akavuta pumzi. "Sitaki uende. Baki."

Nilibandika sikio langu pale pale, aibu sikuona. Upande wa pili kulikuwa na sauti ya kike ikiita abiria, na magurudumu ya masanduku, kisha kimya kirefu, laini kama lile zulia. Kisha wifi yako akasema, polepole, "Nimekusikia." Simu ikakatika.

Alifika kwa watoto. Anapiga Jumapili, anatusalimu vizuri. Harudi wala hakatai kurudi. Kajifunza kwa nani, usiniulize. Kaka yako kila siku anamwambia lile neno moja, anazidi kulizoea, lakini analisema kwenye waya. Jana alikiinamisha tena kile kiti. "Mama, hiki cha nani?" Nikamwambia chako. Akakaa bila kungoja kuonyeshwa, nami nikaenda kulia jikoni.

Kwa hiyo mtoto wa jirani akija tena, usipige makofi. Chuchumaa, umuulize binti yako: wewe unataka nini? Ungoje ajibu, hata jua lizame. Akisema ni wangu nipe, mpe haki yake. Akipiga kelele mtaa mzima ukasikia, mlete kwangu apigie hapa. Nyumba yangu imezidi ukimya.