Notisi kwa Nyigu

Nyigu walijenga juu ya mlango wa mbele wa nyumba ya Mzee Zahran, pale Madungu, katika wiki ile ile ambayo watu wa Jadida waliahidi kuja kumposa binti yake Arwa. Si kwamba walikosa mahali. Palikuwa na banda la kuni, palikuwa na gofu la ng'ambo ya barabara lisilo mwenyewe tangu warithi wake wagombane, palikuwa na mti mzima wa mkungu wenye matawi ya kuchagua. Wao wakakipenda kizingiti cha juu, tena katikati kabisa, kana kwamba walikwenda na futi ya kupimia.

Mzee Zahran alikuwa muuza vitambaa, mtu asiyependa maneno mengi. Alileta kopo la dawa ya kupulizia, akalitikisa, na kidole kilikwishafika pa kubonyeza pale mama yake, Bi Radhiya, alipomshika mkono. Akamuuliza kama amekwisha kuwaonya.

"Kumwonya nani?"

"Hao. Kiumbe akiingia nyumba ya mtu hauawi kabla hajaonywa."

Mzee Zahran akasema kwa upole kwamba mafunzo hayo aliyasoma na yeye katika chuo cha Kurani, na yanahusu nyoka, kwa kuwa nyoka wa nyumbani huenda akawa jini. Bi Radhiya akataka aambiwe nyoka ana miguu mingapi. Akaambiwa hana. Na nyigu je? Sita. Basi, akasema, asiye na miguu apewe muda wa kuondoka, na mwenye miguu sita anyimwe, hiyo ndiyo haki gani? Mzee Zahran akaliweka kopo dirishani. Likakaa hapo.

Kazi ya kuwasomea nyigu notisi ilimwangukia Arwa mwenyewe. Bi Radhiya alishikilia kuwa Kipemba ni lugha ya kugombana na kupendana. Notisi inataka Kiswahili cha ofisini, na mwenye Kiswahili hicho humo ndani ni Arwa, aliyesomea ualimu na sasa anafundisha watoto wa chekechea. Tatizo la Arwa lilikuwa sauti. Alikuwa nayo, lakini haikupenda kutoka nje. Watoto wa mstari wa mbele darasani walikuwa wakimwambia kwa adabu, "Mwalimu, hatukusikii."

Akasimama chini ya kiota na mtandio wake, mikono ameifumbata.

"Ndugu nyigu," akasema, "mnaarifiwa kuwa mlango huu unahitajika kwa shughuli za familia. Mnaombwa kuhama ndani ya siku tatu." Kisha akawaonea huruma, maana walikuwa wanashughulika na vijumba vyao kama watu waliohamia juzi, akaongeza, "Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Nyigu mmoja alitembea hadi ukingoni, akamtazama, akarudi kazini.

Bi Radhiya akamuuliza kama wamesikia. Arwa akasema hajui. Bibi akamuuliza kama amesema kwa sauti hiyo hiyo aliyoitumia sasa hivi kusema hajui. Arwa akaitikia kwa kichwa. Basi, akasema bibi, hawajaambiwa. Notisi isiyosikika si notisi. Ikabidi siku tatu zianze upya. Kesho yake zikaanza upya tena, na kesho kutwa vilevile, kwa sababu ile ile. Kila jioni Arwa alikwenda polepole, akasimama chini yao, akanong'ona, akaondoka polepole, na hakuna hata mmoja aliyemgusa.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Hudhaifa, mjomba wa Arwa, alikuja mbio kutoka kazini amejitia chandarua kichwani na ufagio mkononi, akisema mambo haya hayataki elimu, yanataka kifua. Aliyemuumba nyigu na kumpa mwiba hakukikusudia kifua cha Hudhaifa. Nyigu walimuuma mdomoni, kupitia chandarua, kabla hajapanda ngazi. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia kwa siku ya posa, na sasa mdomo wa juu ulikuwa umefika puani, na akisema jambo lolote watu waliona ni afadhali angeandika.

Baada ya hapo mlango wa mbele ukafungwa, na nyumba ikageuka nyuma mbele. Wanaume waliozoea kuingia kwa barazani ikabidi wapite uani, na uani ndiko waliko wanawake, vichwa wazi, wanachambua mchicha. Kila mwanamume aliyekuja alikaa kichochoroni akikohoa mpaka wanawake wajifunike na moto upunguzwe. Mzee Zahran alikuwa akipiga hodi kwenye jiko lake mwenyewe, akisubiri kukaribishwa, na siku moja alisahauliwa huko nje mpaka wali ukaungua.

Walijaribu udi. Chetezo kilifukizwa chini ya kizingiti tangu Alasiri, na nyigu wakatulia, wakaonekana kunukia, na wakaongeza vyumba. Jirani yao Mzee Shaame alikuja na lake: nyigu hajengi penye nyigu wenzake, kwa hiyo watundike mfuko wa khaki uliojazwa matambara, ufanane na kiota kikubwa, nao watadhani pana wenyewe. Wakautundika pale mlangoni kwa ufito mrefu. Nyigu hawakudhani kitu. Waliodhani ni watu wa Madungu, ambao ilipofika asubuhi walikuwa wanaambiana kwamba kwa Zahran kuna kiota cha ukubwa wa mto wa kulalia, na watoto wa chuoni wakazungushwa njia ya mbali.

Hayo yote yangemchekesha Arwa kama si Ridha.

Ridha alikuwa fundi majokofu wa Jadida. Alikuja mwaka huo kutengeneza jokofu lao, na Mzee Zahran akamwambia Arwa amweleze fundi jinsi linavyonguruma usiku. Arwa akaeleza. Ridha akainama, akatega sikio, akakosa. Mtu mwingine angesema, "Hebu paza sauti, dada." Ridha alinyoosha mkono akalizima jokofu, akakaa kitako juu ya sanduku lake la vifaa, akasema, "Haya, sasa." Arwa alikuwa hajawahi kuona mtu anazima kitu ili amsikie yeye. Tangu siku ile alikuwa anamtaka, na hakumwambia mtu, na kama angeulizwa angejifunika uso.

Nayo posa ya Ridha ilikuwa mkononi mwa ami yake, Mzee Duni, ambaye sifa yake ilijulikana kutoka Wete hadi Wambaa: mlango uliomgomea hapigi hodi mara ya pili. Ijumaa hiyo ya posa akirudi Jadida bila jibu, basi.

Wakaja baada ya Alasiri, wazee wanne wenye kanzu za pasi kali. Mposaji haendi kwenye posa yake, lakini gari lilihitaji dereva, kwa hiyo Ridha alikuwamo, amebaki kwenye usukani, macho mbele kama asiyehusika. Injini aliiacha inanguruma, maana gari lile likizimwa lilikuwa haliwaki tena bila kusukumwa.

Mzee Zahran aliwapangia viti ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha gofu, akaeleza hali. Mzee Shaame akatoa baraza lake. Bi Radhiya akatuma neno kutoka ndani kwamba mwenye baraza ndiye mwenye binti, na Arwa si mjukuu wa Shaame. Ikatajwa njia ya uani. Hiyo aliikataa Mzee Duni mwenyewe; alisema wanaoingia kwa mambo ya mke kupitia jikoni ni wale waliofumaniwa. Hudhaifa akasema jambo, na wote wakamshukuru bila kujua ni nini.

Basi posa ikafanywa kutoka ng'ambo. Mzee Duni alisimama, akamhimidi Mola, akamsalia Mtume, akautaja ukoo wa Ridha kwa sauti ya kuvuka barabara na injini, mpaka wauza mahamri wakaacha kuuza. Mzee Zahran akazunguka kichochoro, akakohoa, akasubiri wanawake wajifunike, akapita jikoni, akafika ukumbini ambako binti yake amekaa nyuma ya mlango na bibi yake. Akamuuliza. Arwa akainamisha kichwa, akanyamaza, kama wanavyonyamaza wasichana wote wanaotaka. Bi Radhiya akasema, "Alhamdulillahi." Mzee Zahran akarudi njia ile ile, jikoni, kichochoroni, barabarani, akihema.

"Kanyamaza," akasema.

"Kanyamaza, au hayupo?" akauliza Mzee Duni.

Mzee Zahran akasema yupo, ametoka kumwona. Mzee Duni akasema neno lake halitilii shaka, ila yeye jambo hili limeshamkuta. Mwaka fulani alipeleka posa nyuma ya mlango uliofungwa, akaambiwa mtoto amenyamaza, akala halua, akarudi kwao kutangaza. Kumbe binti alikuwa ameshatokea uani zamani, yuko kwa mtu mwingine. "Kile kimya nilichokipokea mie," akasema, "kilikuwa cha mbuzi."

Watu wakataka kucheka, wakaogopa.

"Kimya ni ridhaa, hilo nalijua," akaendelea. "Lakini ntu aliyenyamaza nyuma ya mlango na ntu asiyekuwapo, sauti yao moja. Ntoto na aseme."

Neno likafika ndani bila kuhitaji mjumbe. Bi Radhiya akamgusa Arwa begani, akamwambia aseme tu kuwa yupo. Arwa akasema, "Nipo." Hata bibi, aliyekuwa amekaa naye paja kwa paja, hakusikia. Akasema tena. Nje viti vilikwaruza. Fimbo ya Mzee Duni ikagonga chini, mara moja, ya mtu anayeinuka.

Arwa akavuta komeo.

Alifungua upande mmoja wa mlango polepole, kama alivyokuwa akifanya kila jioni ya notisi, akatoka, akasimama kizingitini. Kiota kilikuwa shubiri moja juu ya mtandio wake. Ng'ambo ya barabara wazee wote walisimama. Hudhaifa akaingia nyuma ya mkungu. Arwa akafungua kinywa, akaona midomo yake inakwenda na injini inanguruma juu ya maneno yake yote, akajua hakuna aliyesikia.

Ndipo Ridha akazima gari.

Wazee wakageuka kumtazama kwa uchungu, kila mmoja akikumbuka mlima wa kurudi. Barabara nzima ikanyamaza.

"Nipo," akasema Arwa, kwa sauti ile ile ya chekechea. "Nimekubali."

Ikavuka barabara yote, ikafika hadi kwa wauza mahamri. Mzee Duni akakaa chini taratibu.

"Nimesikia," akasema. Halafu akanyanyua fimbo, akaelekeza juu ya kichwa cha Arwa. "Na hao je?"

Bi Radhiya akajibu kutoka gizani ukumbini. "Hao wamenyamaza."

"Unawaona wapo?"

"Wapo, tena wote."

Mzee Duni akalipima hilo. "Basi wameridhia," akasema, akavua viatu kule kule, akavuka.

Wakaingia mmoja mmoja, wameinama, wanavuta pumzi kwa adabu, na Arwa amewashikia mlango. Hakuna aliyeumwa ila Mzee Shaame, ambaye hakualikwa, aliyepita mbio kuwahi halua.

Jioni ile wageni walilisukuma gari hadi juu ya mlima, kanzu zimefungwa viunoni, Mzee Duni akitoa amri. Mzee Zahran akalichukua kopo lake dirishani. Mama yake akamuuliza amewahi kusikia wapi mashahidi wa posa wanapuliziwa dawa. Akalirudisha.

Arwa akatoka tena, akasimama chini ya kiota, akafumbata mikono.

"Ndugu nyigu," akasema, "muda wenu umeongezwa hadi baada ya harusi."

Nyigu mmoja alitembea hadi ukingoni, akamtazama.